Mgongo ukiuma: ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) ya wiki nzima au fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) mapema?

Mkazi wa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Kazini kwetu mtu akishikwa na mgongo njia ni ile ile: zahanati, sindano, ED wiki nzima. Anarudi, mwezi haujaisha kaondoka tena. Hoja yangu: mwajiri alipie fiziotherapia mapema, mtu aendelee na kazi nyepesi. Ushauri wa kulala kitandani kwa mgongo wa kawaida wataalamu walishauacha zamani. Mnaonaje?

Sekenke: Migongo ya kwenye AC hiyo. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, uone kijana na robota la mitumba kichwani. Hajui hata ED ni mdudu gani.

Mama Shani: Kaka Sekenke, hajui kwa sababu hana wa kumwandikia. Mume wangu alikuwa mbeba mizigo. Mgongo ulipomkata alijifunga kanga yangu kiunoni, akanywa vidonge vya maumivu kwa chai ya rangi, akaenda, maana asipobeba hatuli. Mwisho mguu ukaanza kufa ganzi. Usimfanye yeye fimbo ya kuwachapia wengine.

Sekenke: Pole dada, sijamtukana shemeji. Ila wategaji wapo! ED za mgongo zote Jumatatu, kwa nini?

Fizio wa Temeke: Kwa sababu Jumapili ulikuwa Chanika unabeba matofali ya msingi wako, mkuu 😀. Kuhusu mada: migongo mingi hutulia ndani ya wiki chache, na si kila mtu anahitaji kuja kwetu mara kwa mara. Tunachofanya mapema ni kumpima, kumtoa hofu ya kuinama, kumpa mazoezi ya nyumbani, na kuongea na bosi wake: vizito aviache kwa muda, kukaa asikae saa nzima bila kunyanyuka. Anayelala tu misuli inalegea, na akikaa nje ya kazi muda mrefu kurudi kunakuwa kugumu. Mama Shani, mguu ukizidi kukosa nguvu, mkojo ukigoma kutoka au ganzi ikiingia mapajani kwa ndani, hapo hakuna mazoezi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sekenke: Umesikia? "Hutulia"! Kumbe wanapona wenyewe, sasa bosi alipie nini? Mbagala kuna bibi anachua kwa mafuta ya nazi, buku tano, unatoka umenyooka kama mlingoti.

Fizio wa Temeke: Kuchua kunaleta nafuu, sikatai. Ila wapo wanaokuja kwetu baada ya kukanyagwa mgongoni na hao hao. Na neno "mingi" ulilirukaje?

Kiduku: Bibi asiguswe. Mama yangu aliponywa na yule.

Afisa Utumishi: Mnaongea kirahisi. Karakana yangu ni ya kuchomelea, kazi nyepesi ipo wapi? Nimweke getini apige stori na mlinzi kwa mshahara kamili? Sheria imempa siku 90 za ugonjwa, azitumie.

Mkazi wa Tabata: Siyo 90, mkuu, ni 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Ukikataa kumpangia upya majukumu, bado unamlipa akiwa kalala kwake.

Afisa Utumishi: Usinifundishe kazi yangu. Na aliyeumia kazini yupo WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mimi nachangia kila mwezi.

Mama Shani: Hiyo WCF si ya wenye mwajiri? Mwajiri wa mbeba mizigo ni nani, mwenye duka au mwenye mzigo?

Sekenke: Dada, haya mambo ya serikali tukianza hatulali.

Mama Shani: Wewe ndiye uliyeanza na wabeba mizigo. Jibu.

Mkazi wa Tabata: Wakuu, mada ilikuwa mwajiri kulipia fizio mapema...

Kiti cha Nyuma: Mimi mgongo wangu ni wa kusimama kwenye mwendokasi Kimara hadi Kivukoni. Kwa huo nimwandikie nani barua anilipie fizio?

Kiduku: 😂😂 Mwandikie dereva.

Afisa Utumishi: Samahani jamani, huyo bibi wa Mbagala yuko Zakhem au Rangi Tatu? Nauliza kwa ajili ya mke wangu.