Naomba ushauri: kivuli kimoja kinatoka mara tatu ukutani

Wadau, habari zenu. Natengeneza sanamu za waya na mabati chakavu, lakini kazi yenyewe hasa ni kivuli: mbele unaona lundo la takataka, ukutani unaona uso wa mtu. Wasanii Tim Noble na Sue Webster wa Uingereza walifanya hivyo kwa takataka zao mwaka 1998.

Sasa nimepewa kona kwenye maonyesho ya pamoja hapa Nairobi. Darini kuna taa tatu za LED, basi pua inatoka tatu: moja imekolea, mbili zimefifia kama moshi. Nikisogeza sanamu karibu na ukuta kingo zinakaza, ila uso unapungua ukubwa. Nikizima taa mbili, jirani yangu mwenye picha za rangi anabaki gizani, na halalamiki bure.

Je, nitumie balbu ndogo ya halojeni? Inatoa kivuli kikali, lakini inachoma, na watoto wa shule watakuja. Au kuna LED ya chipu moja, yaani mwanga unatoka nukta moja tu, yenye kioo kisicho na ukungu? Na fundi wa kunikatia kizuizi cha mwanga cha bati jeusi, soko la Gikomba nianzie wapi? Bei mniambie ukweli, mfuko umetoboka.