Tanki la pikipiki nililogonga kwa mkono linavuja kwenye mshono, naombeni ushauri

Bati Laini: Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa mageti hapa Morogoro. Mteja kaniletea pikipiki ya CC 150, anataka tanki refu jembamba, lile la asili halitaki. Nimechora ramani kwenye boksi, nikahamishia kwenye shiti ya milimita 1. Kila ubavu nimeugonga kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga, naanzia pembeni nazunguka kuingia katikati. Siku nne nzima. Umbo limekaa vizuri mno. Shida ni mshono wa juu, unatoa tone mojamoja, na mteja anakuja Jumamosi. Nirudie kuchomelea au nipake gundi ya chuma?

Mzee wa Spana: Dogo, ungeshuka Dar, pale Gerezani ukachukua tanki lililotumika, ukapaka rangi. Siku nne za nini?

Mama Nasra: Mwanangu, huyo mteja kakupa kianzio? Mdogo wangu alimchongea mtu kitanda cha mninga, nusu ya hela hajaiona mpaka leo. Andikishaneni.

Boda Kihonda: Langu lilitoboka njiani, nikasugua sabuni ya mche kwenye ufa, nikafika nalo Dumila bila tone. Sabuni na petroli haziivani kabisa.

Tupa na Msasa: Bati Laini, umechomelea kwa kutumia nini? Na umejuaje kwamba linavuja?

Bati Laini: Kwa umeme mkuu, vijiti vya milimita 2.5.

Tupa na Msasa: Hapo ndipo ulipotoboa. Kijiti hicho ni kinene kwa bati la milimita 1. Bati jembamba linataka gesi, unashikiza kila baada ya vidole viwili, unahamia upande wa pili huku kwingine kunapoa, la sivyo linajivuta na kupinda. Swali la pili hujajibu. Umelipima na nini?

Bati Laini: Nimelipima kawaida tu.

Tupa na Msasa: Kawaida ndiyo nini? Maji? Upepo?

Bati Laini: Petroli, lita mbili. Ila nimeshamwaga mkuu. Tangu jana liko juani, mdomo wazi, ukinusa hupati kitu. Na mtungi wa gesi nimeshakodi, jirani anauleta asubuhi.

Tupa na Msasa: USILIPELEKEE MOTO. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini na kujificha kwenye mikunjo. Ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo ndani, cheche moja inatosha. Pua si kipimo.

Bati Laini: Nakuelewa, lakini fundi aliyenifundisha alikuwa anachomelea matanki hivihivi na hajawahi kupata ajali. Na hela ya mtungi sirudishiwi.

Jicho Kavu: Hii ni chai. Fundi wa mageti agonge tanki kwa siku nne? Picha iko wapi?

Boda Kihonda: Hata mimi nimeanza kuhisi chai, tena ya tangawizi.

Mzee wa Spana: Ndiyo maana nikauliza siku nne za nini.

Bati Laini: Simu yangu kioo kimekufa upande wa kamera. Nawaambia ninachokiona sasa hivi. Nikipitisha tupa juu ya bati, palipoinuka panang'aa, palipobonyea panabaki peusi. Ubavu wa kushoto una doa moja jeusi, ukubwa wa ukucha. Nikipabonyeza kwa kidole panaingia na kurudi, *kop*, kama kifuniko cha kopo. Nimegonga jana usiku kucha, ndiyo kwanza panazidi.

Tupa na Msasa: Jicho Kavu, mwache kijana. Hiyo *kop* huijui mpaka ikukoseshe usingizi. Bati limetanuka kupita kiasi, kila nyundo inalitanua zaidi. Unapasha doa dogo kama sarafu mpaka liwe jekundu, unaligonga kidogo, unaweka kitambaa cha maji, linajivuta lenyewe. Lakini hilo baadaye. Kwanza lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, rudia mara tatu. Kisha geuza mshono uwe juu, jaza maji mpaka karibu na mshono, mdomo uache wazi. Ndipo uchomelee. Ukimaliza, pima kwa povu la sabuni na pampu ya baiskeli, pole pole, upepo ukizidi litavimba.

Jicho Kavu: Bado nataka picha.

Mama Nasra: Bati Laini, umenyamaza. Upo?

Bati Laini: Nipo mama. Nilikuwa naosha. Maji ya kwanza nimeyamwaga kwenye karai, juu yana utando wa rangi rangi. Ya pili pia. Lilikuwa halinuki kabisa. Nimempigia jirani asilete mtungi asubuhi, alete mchana.