Mrejesho: sensa ya throto imebadilishwa, kushtuka kumeisha, sailensa bado

Wakuu, narudi na mrejesho. Swali lilikuwa: gari la throto (mlango wa hewa ya injini) ya kebo linashtuka ukikanyaga mafuta kidogo, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, mashine ya kupima inasoma P0121, yaani kosa la sensa ya throto, inayopima throto imefunguka kiasi gani. Asanteni sana.

Aliyesema "pima kabla ya kununua" ameniokolea hela ya koili ya plagi niliyotaka kununua. Ufunguo umewasha dashibodi, injini imezimwa, multimita kwenye waya wa signali wa sensa: throto ikifungwa 0.6V, ukifungua taratibu inapanda vizuri, ikifika 1.4V inadondoka hadi sifuri kisha inarukia 2.1V. Volti 5 za kuingia na ethi ziko sawa, kwa hiyo nyaya hazina kosa. Njia ya kaboni ndani ya sensa imelika pale mguu unapokaa muda mwingi. Kuipulizia dawa ya soketi kulisaidia siku mbili tu.

Skrubu mbili zilikuwa zimekamata. Moja kichwa kililika, ikatoka kwa plaizi. Sensa mpya inaingizwa ikiwa imepinda kidogo ili ulimi wa ndani ushike ekseli ya throto, ndipo unaizungusha dhidi ya springi hadi matundu yalingane. Ukilazimisha, ulimi unavunjika. Nikakaza ikisoma 0.5V throto ikiwa imefungwa (wazi kabisa 4.4V), nikafuta P0121.

Kushtuka kumeisha. Sailensa haichezi tena, ila inakaa mizunguko 1,100 kwa dakika injini ikiwa ya moto, badala ya 750. Ushauri wa kulegeza skrubu ya kuzuia throto ili ishuke sijaufuata, maana unavuruga kipimo cha sensa. Nasubiri gasketi ya vali ya sailensa, niifungue niisafishe.