Naona vipande vya ajabu chooni, naombeni ushauri kabla sijameza dawa

Mpita Njia 88 (mwenye uzi)
Wakuu, habari za jioni. Msinicheke. Wiki ya tatu sasa nikienda haja kubwa naona vipande vyeupe, bapa, kama tambi pana iliyokatwakatwa kwa kisu. Juzi viwili vilikuwa vimeshikana. Tumbo linanguruma usiku hadi mke wangu ananiuliza kama nimekula. Albendazoli ya minyoo nimeshameza mara mbili mwaka huu, wapi! Sasa nina vidonge vinne vya prazikwanteli, rafiki yangu mwalimu kanipa, vilibaki siku ya kugawa dawa za kichocho shuleni. Swali ni moja tu: nimeze vingapi?

Msukuma Toroli
Weka picha.

Bibi Harusi Mstaafu
Asiweke! Wengine ndiyo tunapakua.

Mama Mbegu
Pole mwanangu. Twanga mbegu za maboga, kunywa na uji asubuhi kabla ya kitu chochote. Mdogo wangu tulipokuwa watoto alipiga chafya, mnyoo ukachungulia puani, mrefu kama kalamu. Mama akauvuta kwa kanga huku anasoma Salamu Maria. Tangu siku ile sili embe bila kuosha.

Mchinja Siku
Huo wa puani ni mnyoo wa duara, mama. Bapa ni tegu. Mwenye uzi, kitimoto unakula?

Mpita Njia 88
Nimeuliza dozi, sijauliza chakula.

Mchinja Siku
Jibu swali.

Mpita Njia 88
Nakula. Jumamosi tu, mke akiwa kanisani. Yeye Msabato, nyumbani haiingii hata harufu. Na inaiva vizuri, muuzaji namwamini.

Mchinja Siku
Unamwamini nani? Nimenunua nguruwe vijijini huku Nyanda za Juu miaka 11. Kabla ya bei unamlaza, unampachika kijiti mdomoni, unauvuta ulimi na kitambaa maana unateleza, halafu unapapasa chini yake. Ukikuta vivimbe kama punje za mchele, unaacha. Na mwenye nguruwe anajua! Anakwambia "basi toa nusu bei". Ukikataa, jioni anakuja mwingine anamchukua. Yule naye ana wateja wake wa Jumamosi. Nguruwe anayezurura na kula vinyesi vya watu, mimi simgusi hata bure.

Mlokole Asiyechoka
Walawi 11 iko wazi. Tubu kwanza, dozi baadaye.

Msukuma Toroli
Tegu wa ng'ombe naye yupo mtumishi, anapatikana kwenye mishkaki mibichi. Huyo atubu nini?

Tabibu wa Zamu
Mwenye uzi, usimeze chochote bado. Umewahi kuanguka, kupata degedege, au kuumwa kichwa kisichoisha?

Mpita Njia 88
Kwa nini unauliza hilo? Mimi naumwa tumbo.

Tabibu wa Zamu
Ndiyo au hapana?

Mpita Njia 88
Mwezi wa nne nilianguka kijiweni. Nikaambiwa nilitetemeka na kuuma ulimi. Ila sikuwa nimekula na jua lilikuwa kali. Mwezi wa sita tena, nyumbani. Mke akaita wazee wa kanisa wakaniombea, ikaisha. Sioni inahusiana vipi na choo.

Tabibu wa Zamu
Inahusiana sana. Nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri inakupa tegu wa tumboni, anaweza kufika mita 2 hadi 7. Huyo si tatizo kubwa. Tatizo ni mayai yake. Yanatoka na kinyesi, yanashika mikono, yanaingia kwenye kachumbari na maji. Ukiyameza, vijidudu vyake vinapita kwenye damu na vingine vinaweka vifuko kwenye ubongo. Hapo ndipo kifafa. Prazikwanteli inaingia hadi ubongoni: ikiua vifuko hivyo kwa mpigo, ubongo unavimba na unaanguka upya. Kuna dawa nyingine, niklosamaidi, inayobaki tumboni tu, lakini kwanza nenda hospitali ya rufaa, kichwa chako kipigwe picha ya CT.

Mpita Njia 88
Rufaa ni nauli na siku mbili za kazi. Hapa wilayani shemeji yangu yuko maabara, nikipeleka kikopo leo kesho ukoo mzima unajua nala nini. Watoto wa shule wanapewa dawa hii hii kwa kupimwa na kijiti cha urefu tu, mbona hawafi?

Mzee wa Fokasi
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Desemba ID hii ilifungua uzi wa viwanja Muscat, ikasema "sisi makapera". Leo ana mke Msabato na kijiwe Nyanda za Juu? Subirini, kesho anakuja na namba ya dawa ya mitishamba.

Msukuma Toroli
Duh, kweli uzi upo. Chai ya tangawizi kabisa.

Mpita Njia 88
ID tunatumia wawili, wa Muscat ni mdogo wangu. Siuzi kitu. Kama ni chai msinywe.

Bibi Harusi Mstaafu
Mdogo wako naye ana tegu au?

Tabibu wa Zamu
Chai au siyo chai, nijibu hili: hivyo vidonge vinne vyote bado vipo?

Mpita Njia 88
Vipo vitatu.

Tabibu wa Zamu
Kimoja umemeza lini?

Mpita Njia 88
Saa kumi na mbili jioni, kabla sijafungua uzi. Kichwa kinauma kidogo, nadhani ni mwanga wa simu.

Tabibu wa Zamu
Usibaki peke yako usiku huu, na usipande bodaboda. Kichwa kikizidi au ukianza kutapika, usisubiri asubuhi. Nani yuko na wewe hapo?

Mpita Njia 88
Mke wangu, kalala.

Tabibu wa Zamu
Mwamshe umwambie yote. Na yeye apimwe.

Mpita Njia 88
Apimwe nini, wakati hajawahi kugusa kitimoto?

Tabibu wa Zamu
Soma tena nilichoandika kuhusu mayai. Nani anakukatia kachumbari, na nani anakula na wewe sahani moja?