Alice Werner na hati za tenzi: nianzie wapi?

Assalaam aleikum. Naandaa somo la shule ya upili hapa Kisauni kumhusu Alice Werner na Utenzi wa Mwana Kupona. Nisisitize nini?

Jibu 1
Waaleikum salaam, mwalimu. Kwa ufupi: Werner, msomi wa Kiswahili, alizaliwa Trieste 1859, akasoma chuo cha Newnham, Cambridge, akafika Nyasaland (Malawi ya leo) miaka ya 1890. Tangu 1917 alifundisha School of Oriental Studies (SOAS ya leo), London, akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu, akastaafu 1930. Toleo lake la utenzi huo, pamoja na William Hichens, lilitoka 1934. Alifariki 1935.
Lakini anza na Mwana Kupona! Yeye ndiye aliyemtungia bintiye wasia huo, 1858.

Jibu 2
Naongeza kazi ya mikono, maana hapo ndipo wanafunzi huona ugumu wa kusoma hati za tenzi, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Andika ubaoni, kwa herufi hizo, ba mbili zenye fataha (alama ya irabu a). Waulize: ni baba, papa au pamba? Zote zafaa, kwa kuwa ba ilibeba pia p, na m ya mb au mp mara nyingi haikuandikwa. Kasra nayo ni i au e, dhuma ni u au o.
Kisha mizani, yaani hesabu ya silabi: kila ubeti vipande vinne, kila kimoja mizani minane. Vitatu vina kina kimoja, cha nne huishia -ia utenzi mzima. Kipande kikitoka na saba, msomaji amekosea irabu au ameruka silabi. Arudi kwenye hati.

Jibu 3
Na usiwasahihishie Kiamu, lahaja ya Lamu iliyomo katika utenzi. "Nde" ni nje, "kuya" ni kuja. Ukivigeuza, waharibu vina.