Krismasi ya jua kali: mlioko kusini mwa dunia, tupeane uzoefu

Wakuu, heri ya sikukuu. Kila Desemba ndugu zangu wa Tanga wananipigia: "Huko Ulaya barafu imeshaanguka?" Kwao ng'ambo yote ni Ulaya. Nipo Melbourne, Australia, leo nyuzi 36, na kadi niliyopewa kazini ina picha ya theluji. Joto halinisumbui, nimekulia kwenye joto. Kinachonishinda ni jua kugoma kuzama. Tarehe 24 tulikwenda kuimba nyimbo za Krismasi kwa mishumaa pale Sidney Myer Music Bowl, ukumbi wa wazi wa muziki. Watu wametandika mablanketi kwenye nyasi, mishumaa inawaka, saa mbili na nusu usiku, na bado naona mpaka vifungo vya shati la jirani. Nyie wengine mnaipitishaje?

Mama Wawili, Dunedin: Una nafuu wewe. Huku kwetu New Zealand ya chini jua linazama karibu saa tatu na nusu. Nimewaambia watoto Baba Krismasi haji mpaka walale, mdogo akafunua pazia: "Mama, mbona mchana?" Nilikosa jibu. Zamani nilikaa Auckland, kule Desemba mipohutukawa ya ufukweni inachanua nyekundu tupu, kama mikrismasi yetu ya barabarani. Mara ya kwanza kuiona nilisimamisha gari.

Mchoma Nyama, Adelaide: Nyie mnalia jua, mimi nalia mbuzi. Nimenunua mguu mzima, mkaa tayari, asubuhi redio inatangaza marufuku ya moto. Siku ya joto kali na upepo wanaogopa moto wa porini, kwa hiyo mkaa huwashi hata uani kwako. Mbuzi akaishia kwenye oveni. Majirani wala hawakuwa na habari: mezani kwao nguruwe aliyetoka kwenye friji, kamba wa baridi, na pavlova, ile keki ya ute wa yai, yenye matunda juu. Kamba ni watamu, siwezi kubisha. Lakini sikukuu bila kitu cha moto mezani jamani? Mke wangu alipika pilau hivyo hivyo, jasho linamtiririka.

Wa Durban: Sisi shida yetu foleni. Kampuni za ujenzi zinafunga katikati ya Desemba, basi Johannesburg nzima inateremka na barabara kuu ya N3 kuja baharini. Pale kwenye kituo cha tozo ya barabara cha Mooi unaweza kumaliza maandazi yote uliyobeba. Ufukweni watoto wanavishwa utepe mkononi wenye jina na namba ya simu ya mzazi, maana umati ule mtoto akikuponyoka kumpata ni kazi. Wa kwangu amevua wake akaufunga kwenye ndoo ya mchanga.

Mwanzisha mada: Hahaha, ndoo haitapotea! Mchoma Nyama, kwani hujui majiko ya bure ya umeme kwenye bustani za halmashauri? Siku za kawaida unabonyeza kitufe tu.

Mchoma Nyama, Adelaide: Nayajua mkuu. Bila moshi hiyo ni nyama ya kukaanga. Mwakani nachoma mapema, tarehe 25 nile ya baridi kama wenyeji.