Mnaouza kozi ya mtandaoni ya "mshauri wa uhamiaji Kanada": semeni masharti YOTE kabla hamjachukua hela za watu

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, lakini kila kilichomo ni cha kufanyia kazi. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa viza. Hii ni mada nyingine.

Kuna tangazo linasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa sura mbalimbali: soma kozi ya uhamiaji ya Kanada ukiwa nyumbani kwako, pata leseni, hudumia wateja popote walipo. Chini kuna namba ya simu. Ukipiga unaambiwa masharti ni mawili tu, digrii na Kiingereza. Unalipia "ushauri", unalipia kujaziwa fomu, unasubiri.

Ubaya wake ni kwamba nusu ni kweli. Kozi ipo. Inasomwa mtandaoni. Digrii inatakiwa na Kiingereza kinatakiwa. Kinachofichwa ni sharti la tatu, na hilo hulikuti kwenye fomu ya kuombea chuo kwa sababu si la chuo. Ni la anayetoa leseni: lazima uwe raia wa Kanada, au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani PR, au mtu wa jamii za asili aliyesajiliwa chini ya Indian Act. Nje ya makundi hayo matatu hakuna leseni, hata ukiongoza darasa zima.

Rudieni kusoma sentensi hiyo. Mtu yuko Mwanza, au Eldoret, au Bukavu, hana PR, anauziwa kozi ya maelfu ya dola za Kanada kwa ahadi ya leseni ambayo sheria haimruhusu kuipata. Anayemuuzia anajua, na kama hajui basi hana haki ya kuchukua hata senti kwa kazi hiyo.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu mkanganyiko huu unalishwa na watu kutojua mambo yamepangwaje.

Kanada ina sheria ya uhamiaji na ulinzi wa wakimbizi ya mwaka 2001. Kifungu cha 91 kinasema nani anaruhusiwa kumshauri au kumwakilisha mtu kwa malipo: mawakili na wasaidizi wa kisheria walio chini ya vyama vya sheria vya majimbo, notari wa Quebec, na washauri walioandikishwa na College of Immigration and Citizenship Consultants. Hiki chombo cha mwisho kilianza kazi 23 Novemba 2021, kikichukua nafasi ya ICCRC, ambayo nayo mwaka 2011 ilikuwa imechukua nafasi ya CSIC. Vyombo vitatu ndani ya miaka isiyofika ishirini! Ndiyo maana kwenye intaneti kumejaa kurasa za zamani zenye masharti yaliyokufa, na madalali wananakili humo humo.

Zamani kozi za kukuandaa kuwa mshauri zilitolewa na vyuo vingi, vya binafsi na vya umma, na kuingia kulikuwa kwepesi. Siku hizi njia ni stashahada ya uzamili ya sheria ya uhamiaji na uraia. Ya Kiingereza iko Chuo Kikuu cha Queen's, Kingston, Ontario. Ya Kifaransa iko Université de Montréal. Ukiona "cheti cha mshauri wa uhamiaji" cha wiki sita kutoka taasisi nyingine yoyote, jua kwamba hakikufikishi kwenye mtihani wa leseni. Zipo kozi halali za kumfundisha mtu kuwa msaidizi wa ofisini, wa kupanga mafaili na kujaza fomu chini ya mshauri mwenye leseni. Ni kazi ya heshima. Lakini kuiuza kama kozi ya leseni ni wizi.

Mpangilio kamili ni huu: unadahiliwa, unamaliza stashahada, unafanya mtihani wa kuingia kwenye taaluma, unapeleka maombi College ukiwa na ushahidi wa uraia au PR na wa mwenendo mwema, unakata bima ya makosa ya kitaaluma, unalipa ada, ndipo unapewa namba inayoanza na herufi R. Udahili ni mlango wa kwanza kati ya kadhaa. Madalali wanakuonyesha huo mmoja na kukuambia ndiyo nyumba.

Na kuna uongo mwingine umepandishwa juu ya huo: kwamba ukishadahiliwa unapata viza ya mwanafunzi. Kozi inayosomwa yote kwa mtandao haikupi kibali cha masomo cha Kanada, kwa sababu hakuna kinachokulazimu uwepo huko ili usome. Na kwa kuwa ni ya masafa, haikufungulii kibali cha kazi cha baada ya masomo. Barua ya udahili wa kozi ya mtandaoni si tiketi ya ndege. Anayekuambia "uingie kwanza, mengine yatajulikana mbele" muulize ni kibali gani hasa anachozungumzia, na umtake akitaje kwa jina.

Haya, tuseme wewe una sifa zote. Una PR, uko Edmonton au Ottawa, una digrii yako ya Dar es Salaam au Nairobi. Hapa nina ugomvi na masharti yenyewe, maana yameandikwa kama vile kila mwombaji amesoma Ontario.

Kwanza alama. Kanada asilimia 70 ni B ya chini, na A inaanzia 80. Kwetu, UDSM na vyuo vingi vya Kenya, 70 ndiyo A. Mtu mwenye 64 alikuwa miongoni mwa wazuri darasani, lakini msomaji asiyejua mfumo wetu anaiona 64 kama C. Kwenye mfumo wetu wa GPA ya 5, daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3. Anayesoma kwa haraka anaweza kudhani kipimo ni cha 4.3 au cha 4, akakosea huku au kule. Kwa hiyo usitume transkripti bila ukurasa wa nyuma wenye ufunguo wa madaraja. Watu wanaskani mbele tu! Huo ukurasa wa nyuma ndio unaokutetea. Kama chuo chako hakiuchapi, omba barua ya msajili inayoeleza kipimo.

Pili tathmini ya vyeti. Wengi wana ripoti ya WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje, waliyoitumia kwenye Express Entry, yaani mfumo wa Kanada wa kuombea PR, na wanadhani inatosha. Ile ya uhamiaji inasema tu kwamba cheti chako ni sawa na shahada ya Kanada. Chuo kikitaka tathmini ya somo kwa somo, yenye alama na wastani, hiyo ni ripoti nyingine na malipo mengine. Soma kilichoandikwa kabla hujaagiza.

Tatu majina. Cheti kina majina matatu, pasipoti ina mawili, kadi ya PR imegeuza la ukoo na la kwanza. Dawa ni hati ya kiapo au deed poll, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina, na ianze kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Nakala zilizofungwa kwenye bahasha na kupigwa mhuri na msajili zikifunguliwa na wewe njiani zimekufa, hata kama ulitaka tu kuhakikisha zimekamilika. Omba bahasha mbili, moja uifungue wewe.

Kwa ndugu zetu wa Kongo ni pagumu zaidi. Mfumo wa zamani ulikuwa graduat ya miaka mitatu, kisha licence ya miaka miwili. Msomaji wa Kanada akiona neno "licence" anaweza kulichukulia kwa maana ya Ufaransa, ambako ni shahada ya miaka mitatu, akakupunguzia miaka miwili ya maisha yako. Peleka vyote viwili, graduat na licence, na relevé, yaani karatasi za alama, za kila mwaka, hata kama fomu inataka "cheti cha juu kabisa" pekee. Na kama ulisoma kwa Kifaransa, itazame njia ya Montréal kabla hujajiumiza na mtihani wa Kiingereza. Mara nyingi dalali haitaji, kwa sababu yeye mwenyewe hana analoweza kukujazia kwa Kifaransa.

Nne lugha. Hapa ndipo wengi wanaanguka, tena watu wanaojua Kiingereza vizuri. Kiwango kinachotajwa katika taaluma hii ni ngazi ya 9 ya CLB, kipimo cha lugha cha Kanada, na kinapimwa kwa kila stadi peke yake. Wastani haukuokoi. Kwenye jedwali la mtihani wa Kiingereza wa IELTS ambalo serikali ya Kanada hulitumia kwa uhamiaji, CLB 9 ni kusoma 7, kuandika 7, kuzungumza 7, na kusikiliza 8. Nane! Mtu anapata 7 kote, anafurahi, kumbe 7 ya kusikiliza ni CLB 7. Ili ufike 8 unahitaji takribani 35 kati ya maswali 40, na 30 zinakupa 7 tu. Maana yake ni majibu matano, na mengi hupotea kwa tahajia na wingi wa maneno: umesikia sawa, umeandika bila "s", umekosa. Fanya mazoezi ya kuandika unachosikia, na ya kusikiliza lafudhi za Australia na Uskochi pia.

Halafu kuna aina za mtihani. IELTS Academic na General Training ni mitihani miwili tofauti, na uliyofanyia PR ni General. Usidhani chuo kitaipokea. CELPIP, mtihani wa Kiingereza wa Kanada, nayo ina General, yenye stadi nne, na General LS, yenye kusikiliza na kuzungumza tu kwa ajili ya uraia. Ukifanya LS umetupa hela. Matokeo ya IELTS na CELPIP kwa kawaida huhesabika kwa miaka miwili, hivyo usifanye mapema mno wakati vyeti vyako bado viko njiani.

NYONGEZA 1: Mdau hapo chini anasema "mimi ni mkimbizi niliyekubaliwa, nina hifadhi, je?" Mkuu, kukubaliwa hifadhi na kuwa na PR ni vitu viwili. Hadi PR itoke, leseni huwezi kupewa. Unaweza kutayarisha vyeti na mtihani wa lugha, lakini usilipe ada ya kozi kabla hujajua lini PR yako itatoka, maana foleni ya wenye hifadhi ni ndefu.

NYONGEZA 2: Wengi mnataka leseni ili muwasaidie ndugu kwenye kesi za hifadhi. Nia njema, lakini leseni ya kawaida ya mshauri haikuruhusu kusimama mbele ya bodi ya uhamiaji na wakimbizi. Kuna daraja la juu yake, RCIC-IRB, lenye mafunzo yake ya ziada. Hili nalo halimo kwenye tangazo. Jumuiya yetu huko imejaa watu wa hifadhi, kwa hiyo mshauri asiye na daraja hilo anaachwa nje ya kazi yenyewe aliyoisomea.

NYONGEZA 3: Dada uliyeuliza kuhusu ukalimani, uko salama. Kutafsiri nyaraka na kukalimani kwa malipo hakuhitaji leseni hiyo. Kosa linaanza pale unapolipwa kumwambia mtu aombe programu ipi, aandike nini, aache nini. Ndugu au rafiki anayesaidia bure anaruhusiwa, na kama anawasiliana na idara ya uhamiaji kwa niaba yako, jina lake linaandikwa kwenye fomu IMM 5476. Anayelipwa bila kuwa kwenye yale makundi ya kifungu cha 91 anahatarisha faini ya hadi dola 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote. Na kibao cha "wakala wa vyuo" hakimpi ruhusa ya kuuza ushauri wa kibali cha masomo. Kukuunganisha na chuo ni jambo moja, kukushauri kuhusu viza kwa malipo ni jingine.

NYONGEZA 4: Kwa wanaobisha kwamba wakala wao "ana leseni". Muombe namba yake ya R na jina kamili. Ingia kwenye rejista ya wazi ya College, tafuta kwa namba, kisha tafuta tena kwa jina. Angalia vitu vitatu: hali ya leseni kama iko hai au imesimamishwa, daraja lake, na jina la kampuni. Kama jina la kampuni kwenye risiti yako ni tofauti na la kwenye rejista, muulize kwa maandishi, siyo kwa simu, na usitume hela nyingine hadi ajibu. Picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp msiihesabu.

Walioshalipa: kusanyeni risiti za M-Pesa, meseji, na lile tangazo lenyewe kabla halijafutwa. Pigeni picha ya skrini yenye tarehe na namba ya simu. Kama aliyewauzia ana namba ya R, malalamiko yanapelekwa College. Kama hana, hiyo ni kesi ya polisi pale alipo, na kama yuko Kanada, shirika la mipaka CBSA hupokea taarifa za washauri wasio na leseni.